Kupitia Kwa

Miaka ishirini na sita nilikaa dirisha la tatu, Posta ya Mtwara,
nikigonga mihuri hadi kiganja kikaijua tarehe kabla ya macho.
Najua anwani ni nini.
Najua mtu asiye na sanduku lake
huandika chini ya jina, kwa aibu kidogo,
kupitia kwa Mwalimu Mkuu, kupitia kwa duka la Mpemba,
na barua yake humfikia imeshikwashikwa,
mara nyingine imeshasomwa.

Basi nieleze ilikuwaje
nyumba ya mama yangu hapa Mikindani,
kuta za matumbawe, nene kama mkono hadi kiwiko,
boriti za mkoko, baraza niliyoisakafia kwa kiinua mgongo,
ikapokea wageni miaka minne
kupitia kwa.

Kupitia kwa kampuni nisiyoujua mlango wake.
Wao hushika fedha, hukata kumi na tano kwa kila mia,
huficha namba ya mgeni kama mwali wa ndani.
Picha yangu ya uani waliibana
mpapai ukakosa kichwa.
Mgeni mmoja akamlalamikia jogoo; nikapungua nyota.
Jogoo mwenyewe wa jirani!
Nina kesi, sina mahakama.

Stumai, mtoto wa mdogo wangu, anayesoma VETA,
alikuja na kompyuta yenye ufa kiooni,
akaketi, akauliza swali moja:
"Mama mkubwa, nyumba inaitwaje?"

Nikanyamaza.
Nyumba haijawahi kuitwa. Watu husema, pale kwa Binti Nandonde,
mlango wa samawati, ukishaipita mashine ya kusaga.
"Basi hivyo hivyo," akasema, akaandika
herufi zimebanana kama watoto wa kitanda kimoja:
kwabintinandonde.
Inalipiwa kila mwaka, akaniambia.
"Kama sanduku tu?"
"Kama sanduku tu."
Umeme ukakatika. Tukala ming'oko gizani.

Maelezo niliandika mimi. Yeye alitaka neno paradiso. Nikalifuta.
Maji ya bomba ni Jumanne na Ijumaa; siku nyingine lipo pipa, na lina mfuniko.
Adhana iko karibu. Feni ipo. Mjusi yupo.
Jogoo si wetu.
Chumba cha nyuma ndimo alimofia mama; kina upepo kuliko vyote.
Stumai akasema, hilo la mama tuliondoe.
Tukaliondoa. Upepo ukabaki.

Kisha akanionyesha kalenda,
vijumba thelathini na kimoja, vyote wazi.
"Gusa siku ukitaka kuifunga."
Kule kwa kampuni, ukifunga siku wanakushusha orodhani
kama karani aliyeomba ruhusa ya msiba.
Nikagusa siku ya hitima.
Nikagusa wiki ambayo Mwanaiba anamtoa binti yake unyagoni.
Nikagusa Jumatano moja ya Oktoba, bila sababu.
Stumai hakuuliza.

Wiki tano, kimya.
Nilifungua simu kila alfajiri
kama wale waliokuwa wakija dirishani kwangu,
"Dada, hakuna changu leo?"
na mimi nikiwajibu hakuna
bila kuinua uso.

Wa kwanza hakutoka Ulaya. Alitoka Tandahimba.
Issa Chitwanga, watu wawili, siku mbili,
hela ya korosho imeingia yote kwenye simu,
jina zima, namba nzima, hakuna aliyeishika njiani.
Penye nafasi ya ujumbe ameandika:

Mimi na mke wangu tuna miaka thelathini na moja ya ndoa.
Hatujawahi kulala nyumba isiyo ya ndugu wala hospitali.
Je, tuje na shuka?

Nikajibu kwa kidole kimoja, polepole:
Msije na kitu. Mlango ni wa samawati.
Mwisho nikaandika tarehe,
ingawa simu huiweka yenyewe.